Mwanafunzi kanialika kwao Henan, na Ramadhani inabisha hodi: nipange vipi likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina?

Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja hapa Beijing tangu Februari mwaka huu wa 2026. Kazi naipenda na wanafunzi wananiheshimu, lakini sikukuu za huku zimenishinda. Jumapili ya Septemba 20 nilikuwa Niujie, mtaa wa Waislamu hapa Beijing, nanunua nyama, simu ikalia: darasa zima limekaa linanisubiri. Kumbe Jumapili ile ilikuwa siku ya kazi. Kisha nikataka kwenda Xi'an Oktoba 1. Nimeingia kutafuta tiketi Septemba 28, treni zote zimejaa, wiki nzima nikaimalizia chumbani.

Sasa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu amenialika kijijini kwao, upande wa Zhoukou, mkoa wa Henan, nikale nao Mwaka Mpya. Utakuwa Jumamosi, Februari 6, 2027. Natamani kwenda. Ila mimi ni Mwislamu, nguruwe sili na pombe sinywi, na nikihesabu naona Ramadhani itaandama siku mbili tatu tu baada ya hapo. Sitaki kumuaibisha mama wa watu jikoni kwake. Nibebe nini, nikae siku ngapi?

Halafu kibali changu cha kuishi kinaisha Februari 25. Mama yangu anasema niachane na Henan nirudi Tanga, maana likizo ni ndefu, tangu katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari. Itawezekana?

La mwisho: Idd itaangukia mhula umeshaanza, na mwenzangu Mkenya anauliza hilo hilo kuhusu Krismasi.

Mwalimu wa Tanga, Beijing

* * *

Waalaikum salaam, Mwalimu.

Tuanze na kibali, kwa sababu ndicho kitakachoamua mengine. Vibali vyako ni viwili na vinafuatana: cha kazi kwanza, cha kuishi baadaye. Cha kazi kinaombewa nyongeza na chuo, na ombi linatakiwa liingie siku 30 au zaidi kabla hakijaisha. Cha kuishi unakiomba mwenyewe kwenye ofisi ya polisi ya wanaoingia na kutoka nchini, nacho kina sharti hilo hilo la siku 30. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Februari 25 unaangukia Januari 26, siku kumi na moja kabla ya Mwaka Mpya. Wakati huo watu wa ofisi ya wageni chuoni kwako wameshafunga mabegi, na ikiwa cha kazi hakijatoka, cha kuishi hakiombeki.

Kwa hiyo kamwone afisa wa ofisi ya wageni wiki ya kwanza ya Desemba. Kinachokwamisha walimu wengi ni mkataba. Idara inasema "tutausaini tu, usiwe na wasiwasi", Desemba inakwisha, mkuu wa idara kasafiri. Usikubali kuondoka bila kujua nani anausaini na lini. Cha pili kinachokwamisha ni ile karatasi ya polisi ya kuandikisha makazi. Kama ulihama chumba tangu Februari, anwani ya zamani itakurudisha nyumbani mikono mitupu. Kwenye ofisi ya polisi utahitaji pasipoti, picha, fomu, kibali kipya cha kazi, barua ya chuo na karatasi hiyo. Ada ni yuan 400 kwa kibali cha chini ya mwaka mmoja, yuan 800 kwa cha mwaka mmoja hadi chini ya mitatu. Ukijisahau kikaisha, faini ni yuan 500 kwa kila siku hadi kufikia 10,000, au mahabusu ya siku 5 hadi 15, na rekodi hiyo itakufuata kila utakapoomba tena.

Pasipoti itabaki kwao wakati ombi linashughulikiwa. Sheria inawapa hadi siku 15. Utapewa stakabadhi yenye picha yako, na hiyo inakubalika ndani ya China kwa treni, ndege za ndani na hoteli, lakini kuvuka mpaka haikuvushi. Hapo ndipo lilipo jibu la mama. Ukitaka kwenda Tanga Januari, lazima pasipoti iwe mkononi ikiwa na kibali kipya kabla hujapanda ndege. Kuondoka na kibali cha zamani kwa matumaini kwamba utarudi Februari 20 ukimbilie ofisini ni kucheza na kazi yako. Ushauri wetu: mwombe mama radhi, Tanga nenda Julai. Likizo ya kiangazi ina karibu miezi miwili, na hakuna karatasi itakayokuwa inakuwinda. Angalizo moja tu: Hong Kong na Macau zinahesabika kama kutoka China bara, kwa hiyo usizitembelee ukiwa na stakabadhi, hata kama ni kwa siku moja.

Ile Jumapili ya Septemba 20 haikuwa ajabu ya chuo chako. Serikali kuu ya China hutangaza orodha ya sikukuu za mwaka unaofuata kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba; ya 2026 ilitoka Novemba 4, 2025. Mapumziko ya Oktoba ya siku saba, ya Siku ya Taifa, yana siku tatu tu za sikukuu kisheria. Mbili ni mwisho wa wiki wa kawaida, na mbili ni za kukopa. Deni hulipwa kwa kufanya kazi mwisho wa wiki mwingine, na mwaka huu zimelipwa Septemba 20 na Jumamosi ya Oktoba 10. Orodha ya 2027 ikitoka, mwombe mwanafunzi akusomee aina mbili za siku: za mapumziko, na zile wanazoita tiaoxiu, yaani za kulipa. Kisha tafuta tangazo la chuo, kwa sababu serikali haisemi Jumapili hiyo mnafuata ratiba ya siku gani. Chuo ndicho husema "Jumapili hii tunafundisha ratiba ya Jumatano", na kama Jumatano huna kipindi, lala.

Sasa tiketi. Tiketi zote za treni zinauzwa kupitia 12306, tovuti na programu rasmi ya reli ya China, na mauzo hufunguliwa siku 15 kabla ukihesabu na siku ya safari. Ndiyo maana Septemba 28 ulikuta hamna kitu. Za Oktoba 1 zilianza kuuzwa Septemba 17. Kwa safari ya Alhamisi, Februari 4, siku ya kuamkia kununua tiketi ni Januari 21. Saa ya kufungua hutofautiana kituo kwa kituo, na programu yenyewe inaionyesha, kwa hiyo itazame jana yake.

Fungua akaunti Desemba, si Januari 20 usiku. Akaunti ya mwenye pasipoti lazima ihakikiwe kwanza, na majina yetu matatu ndiyo yanayoleta tabu: jina la ukoo likiingizwa mahali pa jina la kwanza, uhakiki unagoma. Tazama mistari miwili ya herufi na alama chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Kilicho baada ya herufi TZA na kabla ya alama mbili zinazofuatana (<<) ndilo jina la ukoo, vingine vyote ni majina ya kupewa. Andika vivyo hivyo. Ikigoma tena, peleka pasipoti dirishani kwenye kituo chochote kikubwa.

Njia yako ni Beijing West hadi Zhengzhou East, takriban saa tatu kwa treni ya mwendokasi, kisha Zhoukou East, kama saa moja mbele. Treni za moja kwa moja zipo lakini ni chache na huisha kwanza. Zikiisha, fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Jiandikishe kwenye foleni ya kusubiri ndani ya 12306 yenyewe, inaitwa houbu. Unalipa kabla, nafasi ikipatikana tiketi inakuja, isipopatikana pesa inarudi. Weka treni kadhaa na siku mbili, usiweke moja. Pili, nunua vipande viwili na ubadilishe Zhengzhou, ukiacha angalau dakika 40 katikati. Tatu, jaribu kununua mbele zaidi ya unakokwenda: tiketi ya hadi Fuyang West huweza kuwepo wakati ya Zhoukou East imeisha, kwa sababu viti hugawiwa kwa masafa. Utalipa zaidi kidogo na kushuka kwako bila neno. Kinyume chake, kununua kipande kifupi na kutegemea kuongeza ndani ya treni, usifanye msimu huu. Treni ikijaa, mhudumu ana haki ya kukushusha pale tiketi yako ilipoishia. Na zile programu za pembeni zinazouza "kasi ya ziada" hazina mlango wa siri. 12306 wamesema mara nyingi kwamba haziwapiti watu foleni.

Ukibadili mawazo, kurudisha tiketi siku 8 au zaidi kabla ya safari ni bure. Baada ya hapo unakatwa asilimia 5 hadi saa 48 kabla, 10 hadi saa 24, na 20 ndani ya saa 24 za mwisho.

Fika kituoni saa nzima kabla. Tiketi ya karatasi hakuna, pasipoti ndiyo tiketi, na mageti mengi ya kujifungulia yametengenezewa vitambulisho vya wenyeji, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye lango lenye mhudumu. Mzigo wa mtu mzima ni kilo 20. Makopo ya kupuliza, yawe ya nywele au ya mbu, yasizidi mililita 150 kila moja, na kila aina moja tu. Ukija kupanda ndege ya ndani siku nyingine, pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama wa bidhaa ya China, huachwa uwanjani tangu Juni 28, 2025, hata kama ni mpya.

Twende kijijini. Tunashauri ufike Februari 4 na uondoke asubuhi ya Jumatatu, Februari 8. Usiku nne zinatosha. Mkesha ni tarehe 5, chakula kikuu cha mwaka, kisha televisheni ya taifa kuanzia saa mbili usiku na, pale zinaporuhusiwa, fataki mpaka alfajiri, kwa hiyo usitegemee kulala. Tarehe 6 ni kuzunguka kwa ndugu wa upande wa baba. Tarehe 7 mabinti walioolewa hurudi kwao na watoto, na nyumba hujaa. Ukiondoka tarehe 8, mwenyeji naye anapumua.

Suala la nguruwe lishughulikie sasa, si mezani. Ukisema "sili nguruwe", watu wengi wanaelewa vipande vya nyama. Mama wa watu atakukaangia mboga safi kabisa, kwa mafuta ya nguruwe, kwa upendo wote. Mwanafunzi wako anajua Kiswahili, basi mweleze yeye vitu vinne kwa majina ampigie mama yake: nyama, mafuta, supu ya mifupa, na kisu na ubao uliokatia nyama hiyo. Henan ni nchi ya ngano, na mkesha familia nzima hukaa kukunja jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani. Omba sinia lako liwe la yai na majani ya vitunguu, na yachemshwe kwanza, kabla sufuria haijaingia ya nguruwe. Hili halimsumbui mtu. Mayai kila nyumba inayo. Keti nao ukunje, hata yako yakipasuka. Samaki mzima akiwekwa mezani usimmalize, huachwa makusudi avuke mwaka.

Zawadi itakayokuokoa iko pale pale unaponunua nyama. Niujie wanauza nyama ya ng'ombe iliyopikwa na kufungwa bila hewa, yenye alama 清真 ya halali. Chukua vifurushi vinne vya nusu kilo. Ni zawadi ya heshima, na wewe unapata nyama ya kula bila kumfungulia mtu jiko la pili. Ongeza korosho au kahawa ya nyumbani kama unayo, na sanduku la matunda ununue Zhoukou, usilibebe kutoka Beijing. Saa ya ukutani, mwavuli na mapeasi acha dukani, vina nuksi kwao. Watoto wadogo wa nyumbani wape bahasha nyekundu zenye yuan 50 au 100, noti mpya, kwa mikono miwili. Epuka kiasi chenye nne.

Bahasha ya kwako wewe, kutoka kwa wazazi, usipokee. Si adabu tu. Tangu 2014 Wizara ya Elimu ya China imepiga marufuku walimu kuchukua fedha na zawadi za thamani kutoka kwa wanafunzi na wazazi, na huyu bado unampa alama. Sema mapema kupitia kwake kwamba mwalimu haruhusiwi. Kwa sababu hiyo hiyo mjulishe mkuu wa idara kwamba unakwenda, kwa ujumbe mfupi wa maandishi, na alama za mhula ziwe zimeshaingia kwenye mfumo kabla hujapanda treni. Mwanafunzi naye atalala vizuri.

Wajomba watakuja na pombe kali ya baijiu. Usijieleze sana. Inua kikombe cha chai, simama, gonga ukingo wako chini kidogo ya wa mzee, kunywa. Kujibu pombe kwa chai kunakubalika China nzima, na baada ya raundi mbili wataelekeza nguvu kwa mwingine.

Jambo la kwanza ukifika, kabla ya chai: polisi. Ukilala nyumba ya mtu badala ya hoteli, sheria inakupa saa 24 kujiandikisha kituo cha polisi cha eneo, na asiyefanya hivyo anaweza kutozwa hadi yuan 2,000. Nenda na mwenyeji, yeye achukue kitabu cha familia na kitambulisho, wewe pasipoti au stakabadhi. Kituo kidogo huenda hakijawahi kumwandikisha mgeni, kwa hiyo baba wa nyumba apige simu siku moja kabla aulize nani yuko zamu.

Na baridi, Mwalimu. Beijing umezoea chumba chenye joto la bomba. Nyumba nyingi za vijijini Henan hazina, na usiku wa Februari maji huganda nje. Chukua nguo mbili za ndani za joto na soksi za sufu. Watakupa blanketi la umeme: liwashe nusu saa kabla ya kulala, kisha lizime. Jiko la makaa ya mawe likiwekwa chumbani, omba litolewe au uache dirisha wazi kidogo. Hewa yake haina harufu na inaua.

Ramadhani ya 2027 inategemewa kuanza Februari 8 au 9. Kukaribiana huku na Mwaka Mpya si bahati. Miezi ya Kichina nayo huanza na mwezi mpya, na kwa miaka hii Ramadhani inaangukia mwezi wao wa kwanza. Basi kaianzie Xi'an, ile uliyoikosa Oktoba: kutoka Zhoukou rudi Zhengzhou, kisha kituo cha Xi'an North, saa mbili na kitu. Tiketi ya Februari 8 inafunguliwa Januari 25. Mtaa wa Wahui, Waislamu wa Kichina, una mikahawa ya halali kila hatua, na Masjid Mkuu uko kwenye uchochoro wa Huajue. Ruhusa ya msafiri unaijua mwenyewe, siku ya treni usijitese. Daku nunua jioni, kwa sababu saa kumi alfajiri hakuna kilicho wazi, na wiki ya kwanza ya mwaka mpya hata baadhi ya migahawa ya halali huenda ikafungwa. Kuwa na tende, mayai ya kuchemsha na mkate chumbani. Nchi nzima inatumia saa ya Beijing, kwa hiyo Xi'an jua litazama karibu nusu saa au zaidi baada ya ulivyozoea; programu yako ya swala isome mahali ulipo, usifuturu kwa ratiba ya magharibi ya Beijing. Rudi Beijing kati ya Februari 15 na 18, baada ya wimbi la wafanyakazi, kabla ya wimbi la wanafunzi linalofuata sikukuu ya taa ya Februari 20.

Kuhusu Idd na Krismasi: hapo Beijing zote ni siku za kazi. Idd ni sikukuu rasmi Ningxia na Xinjiang. Msiombe likizo, ombeni kubadili kipindi, wanaita tiaoke. Ni fomu ya idara yenye siku ya kipindi kinachohamishwa, siku ya kufidia, chumba, na saini. Mwenzako aijaze mapema Novemba kwa Ijumaa ya Desemba 25, kwa sababu wiki hiyo vyumba vinaliwa na mitihani. Akitaka misa ya mkesha Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Wangfujing, afike saa mbili kabla, foleni na ukaguzi ni mrefu. Wewe Idd yako inategemewa Jumanne ya Machi 9 au Jumatano ya Machi 10. Mhula ukianza tu, hamisha vipindi vya asubuhi vya siku zote mbili, na ile itakayobaki si Idd ufundishe kama kawaida. Niujie siku hiyo watu hujaa mpaka barabarani, kwa hiyo nenda na mkeka wako, mapema.